Hedifoni ya Nne

Kaz Dudek aliiweka ile hedifoni juu ya kaunta kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Na hii nayo ina kasoro gani, mzee wangu?" aliuliza Yolanda, muuzaji. Ilikuwa ya tatu. Duka zima lilishamjua.

"Muungurumo wa magurudumu inauzima. Wanaopayuka na simu inawazima. Juzi kuna mtoto alilia mpaka tunaingia Chicago, nikauona mdomo tu. Lakini honi haizimi."

"Honi gani?"

"Ya treni. Pale kivukoni Hazel, barabara inapokata reli." Akaiiga kwa kiganja juu ya kaunta: ndefu, ndefu, fupi, ndefu. "Kila asubuhi."

Yolanda akacheka. "Mbona mimi nashukia Hazel kila siku na sijaisikia hata mara moja?"

"Utaisikiaje, na hayo madude yako masikioni tangu unaamka?"

"Haya, umenishinda."

Kaz hakumwambia kwamba mkewe alifia pale. Watu ukiwaambia wanainamisha kichwa, wanasema pole, na bei inabaki ile ile.

Bernadette alikuwa akivuka reli pale kila asubuhi kwenda kwenye duka la mikate alikofanya kazi, na alivuka kwa masikio. Hakuwa mtu wa kuchungulia huku na huku. "Treni nitaisikia tu," alikuwa akisema huku anafunga skafu yake. Siku ile kulikuwa na ukungu, huoni hata kiatu chako. Geti la kivuko lilikuwa bovu tangu kiangazi, na wakubwa wa reli walijua. Wakaja mazishini na shada kubwa na viatu vinavyong'aa, kisha wakaandika kwamba kosa lilikuwa la geti. Wajanja hao. Geti halina mdomo, haliwezi kusema nani alilinyima fundi.

Tangu msiba huo Kaz haendeshi kitu chochote. Gari aliliuza. Siku hizi anafagia karakana huko mjini, na njia ya kumfikisha ni moja: treni ile ile, kivuko kile kile. Wiki iliyopita honi ilipolia, alijikuta amesimama mlangoni, anauvuta mpini kwa nguvu zake zote, treni inakimbia, na abiria wawili wamening'inia kwenye koti lake. Alijua iko siku hapatakuwa na wa kumshika.

Yolanda aliinama, akatoa boksi jeusi.

"Hii ndiyo ya mwisho. Juu ya hii hakuna. Unaona haya matundu? Yanasikiliza nje. Kelele ikija, yenyewe inatengeneza kelele nyingine ya kupambana nayo, zinauana huko huko."

"Na honi?"

"Honi ni mbishi, sikudanganyi. Lakini utaisikia kwa mbali, kama iko mji mwingine."

"Na ikilia vile vile?"

"Ikilia vile vile, mzee wangu, basi hiyo honi umeimeza."

Akacheka peke yake. Kaz alikuwa ameshatoa pochi.

Kesho yake ukungu ulikuwa umelala juu ya reli. Ndani ya treni, Kaz alikaa kiti chake cha siku zote, akaivaa hedifoni mpya. Otis, kondakta mwenye kitambi ambaye walijuana tangu ujana, alikuwa anakuja akikagua tiketi.

"Oneni huyu! Leo tumepata DJ!" Otis akapaza sauti. "Tupigie polka basi, Kaz, watu wachangamke!"

Kaz akabonyeza kitufe.

Behewa likanyamaza lote kwa mpigo. Mdomo wa Otis uliendelea kucheza, hausemi kitu. Magurudumu yakayeyuka. Kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe, Kaz alisikia pumzi yake mwenyewe ikiingia na kutoka, akahisi mabega yanashuka. Nje, mnara wa kanisa ulijitokeza kwenye ukungu ukapotea. Baada ya kanisa ni ghala la mbao. Baada ya ghala ni Hazel. Safari hii hakufumba macho. Alikuwa karibu kutabasamu.

Honi ikalia.

Ndefu. Ndefu. Fupi. Ndefu. Haikuwa kwa mbali, wala haikuwa mji mwingine. Ilikuwa karibu kuliko ile hedifoni yenyewe.

Kaz akaing'oa, ikaanguka katikati ya njia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka, umekunja vidole, unavuta hewani kamba isiyokuwepo.

"Waambie waache!" alipiga kelele. Abiria waligeuka. "Otis, waambie hao wakubwa zako waache kuipiga hiyo honi! Wananifanyia kusudi!"

Otis aliokota hedifoni, akaifuta kwa kiwiko, akaketi kando yake. Hakuwa na utani tena. Akaushika ule mkono ulioinuka, akaushusha taratibu mpaka gotini.

"Kaz, ndugu yangu, hakuna anayepiga honi hapa. Matajiri wa mtaa wa kule juu walilalamika inawaamsha, wakubwa wakaipiga marufuku. Amri ilianza asubuhi ile ya ukungu, ya Bernadette, na dereva wa kwanza kuitii ulikuwa wewe."