Mkono Katika Ufa

Mkono wa kulia wa mshonaji ulikuwa umezama katika ufa wa mwamba hadi juu ya kiwiko, nao haukutoka. Wifi yake aliuvuta kwa upole, kisha kwa nguvu, kisha akaketi juu ya jiwe kutafuta pumzi.

"Wifi, mwamba huu umekupenda kuliko kaka yangu," alisema.

Mshonaji hakucheka. Alikuwa amelaza shavu juu ya jiwe baridi, na jasho lilimtiririka shingoni.

Kila Jumamosi walipanda mlimani kwa ajili ya mchezo wa kusaka visanduku. Watu wasiofahamiana huficha visanduku katika njia za milimani na kandokando ya kambi, kila kimoja kikiwa na muhuri uliochongwa kwa mkono, kisha husambaza mafumbo ya kuelekeza mahali. Anayekipata kisanduku hugonga muhuri wake katika daftari lake mwenyewe, hukirudisha kilipokuwa, na hunyamaza. Baina ya wawili hao ilikuwa desturi kwamba aliyelifumbua fumbo ndiye atiaye mkono, na asubuhi hiyo mshonaji alilifumbua kabla hawajamaliza kufunga kamba za viatu.

Mumewe aliuruhusu mchezo huo kwa sharti moja: dada yake awepo. Mengine yote aliyakataza. Cherehani aliiondoa dukani akaiweka katika chumba cha nyuma, dirisha likitazamana na ukuta. Wateja walizipokea nguo zao kwake, si kwa aliyezishona. Ufunguo wa lango alikwenda nao hata msalani. Hakuwahi kumpiga mkewe, na jambo hilo alipenda kulitaja mbele ya wageni.

Dada huyo, mjane na muuguzi mstaafu, alipewa chumba kilicho karibu na mlango. Aliandamana na mshonaji sokoni, msibani, hata kununua uzi. Majirani waliwaita chanda na pete. Mshonaji alikuwa akijiuliza ni lini pete iliwahi kukiuliza chanda kama inakibana.

Siku hiyo mume aliwasindikiza hadi langoni. Akasema wawe wamerejea kabla ya alasiri, na kwamba wakichelewa, hiyo itakuwa Jumamosi ya mwisho. Sasa jua lilikwisha kupita utosini.

"Tulia nikutazame," wifi alisema.

Alimpapasa bega, akashuka taratibu hadi pale mkono ulipopotelea ndani ya jiwe. Akauliza kama vidole vina ganzi. Mshonaji akajibu kwamba vina ganzi. Akauliza jiwe linabana wapi, juu au chini. Mshonaji akajibu kwamba linabana kila mahali. Wifi akakiacha kiganja chake juu ya mkono ule, akimtazama kama alivyokuwa akiwatazama wagonjwa walioapa kwamba dawa wamekwisha kuinywa.

"Nenda kambini," mshonaji alisema. "Mlinzi hakosi kamba, wala mafuta ya kulainishia."

"Nikuache peke yako?"

"Nitakwenda wapi na mlima mzima mkononi?"

Wifi alitazama njia. Nyuma yao ilishuka kwenye kambi ambako walikuwa wameacha watu wakichemsha chai. Mbele ilipanda kidogo, ikavuka kilele, ikateremkia upande wa pili kwenye barabara kuu, mahali ambapo hawakuwahi kufika kwa kuwa muda wao haukuwahi kutosha.

"Sijapata kukuacha," alisema.

"Najua, wifi."

Aliinama kuuokota mkoba wa mshonaji ili amwekee shavuni kama mto. Mshonaji akamwambia kwa haraka auache hapo hapo ulipo. Wifi alikwisha kuuinua.

"Umebeba cherehani humu?"

"Maji tu, na vitambaa."

Wifi akauweka chini polepole, karibu na mkono wa kushoto wa mshonaji. Akajifunga mtandio vizuri, akauliza amwambie nini kaka yake endapo atapiga simu.

"Mwambie nimenasa."

"Hilo analijua."

Akaondoka. Mshonaji alizisikiliza hatua zake juu ya changarawe, nzito na za kusitasita, zikififia bondeni hadi zikamezwa na upepo. Hakukuwa na sauti nyingine ila ya moyo wake ukigonga mwamba. Mjusi alitoka katika mwanya wa jiwe, akamkodolea macho, akajirudia zake. Yeye hakujitikisa. Alifikiri juu ya chumba cha nyuma, juu ya ukuta ule wa dirishani ambao alikuwa amekwisha kuujua kila mkwaruzo, na juu ya miaka ambayo angeutazama tena iwapo leo ingeharibika.

Ndipo hatua zikarudi.

Zilirudi mapema mno. Hata kijana mwenye mbio asingefika kambini na kurejea kwa muda ule. Mshonaji akafumba macho, akabana meno.

Alipoyafumbua, wifi yake alikuwa amesimama mbele yake, peke yake, bila kamba wala mafuta. Alikuwa amelivua koti lake la sufu, zito, lile alilolivaa zamu za usiku enzi za hospitali, akalishika wazi kama mtu amvikaye mtoto. Hakuutazama ufa. Aliitazama njia inayopanda.

"Toa mkono uvae," alisema. "Upande wa pili upepo ni mkali. Nami na miguu hii, kambini sitafika kabla ya magharibi."

Mshonaji akautoa mkono mwambani, akauingiza katika koti.