Bahasha ya Profesa Kisanga

Kwa miaka miwili kompyuta za chuo zilikuwa zikitafuta ukubwa wa protoni, ile chembe iliyomo ndani ya kila kitu, kwa kupiga hesabu juu ya wavu wa nukta unaowakilisha nafasi na wakati. Ili mtu asiyavute majibu yafanane na yale ya maabara za wengine, Profesa Kisanga aliyazidisha yote kwa namba ya siri, akaifunga namba hiyo ndani ya bahasha. Leo ilikuwa siku ya kuifungua.

"Ifungue wewe, Tunu," alisema. "Umehangaika kuliko sisi sote."

Tunu aliipokea kwa mikono miwili. Wiki iliyopita, akiwa peke yake ofisini, aliishikilia juu ya mvuke wa birika mpaka gundi ikalegea, akaisoma namba, akaibandika bahasha tena. Kisha akayafuta majibu matatu yaliyokataa kufanana na yale ya maabara za wengine, akijiambia kwamba yalikuwa mabovu tangu mwanzo. Labda yalikuwa mabovu kweli. Sasa hatajua kamwe.

"Mbona unasita, mwanangu?"

Wenzake walikwisha kuinua mikono, tayari kupiga makofi. Tunu aligusa ukingo wa bahasha. Kabla hajauvuta, ukabanduka wenyewe.