Mkazi Mpya wa Mkongeni

Shemboza na mkewe hawakuruhusiwa kulala nyumba moja. Kiwanda cha katani kilikuwa kimekufa na watu wamehama, basi sheria ya Mkongeni ikataka kila nyumba ilale mtu mmoja, taa iwake, mji uonekane hai ili wawekezaji warudi. Kifaa cha mlangoni kilisikiliza pumzi. Nyumba moja ikikosa pumzi, mtaa mzima ulikatiwa maji.

Walikuwa wakila pamoja kwa Zaina, mkewe. King'ora cha kulala kikilia, Shemboza huvuka barabara kwenda nyumba yake, kama mgeni aliyefukuzwa.

Jioni moja alimfungia mbuzi wake chumbani mwake, akarudi kwa mkewe.

"Umemwacha nani huko?" Zaina akauliza.

"Bi mdogo. Ana ndevu."

Zaina alicheka mpaka akashika mlango. "Ukituponza, mume wangu, maji ya mtaa mzima utachota wewe." Lakini alimpisha.

Asubuhi maji yalitoka. Shemboza alikuwa bado anachekelea alipofika afisa makazi, kijana mpole kupita kiasi.

"Hongera, mzee. Nyumba yako imepata mkazi. Hapa kwa mama mmezidi, kwa hiyo wewe unahamia Relini, ng'ambo ya mji."

"Yule ni mbuzi, mwanangu."

"Kifaa kimemkubali, mzee. Mimi ni nani nikatae?"

Jioni ile Relini iliwaka taa moja zaidi, na mji ukahesabiwa kuwa umekua. Kulala na mkewe kulimgharimu Shemboza nyumba, mbuzi, na dirisha alilozoea kuionea taa ya Zaina.