Nani Kalowesha Godoro

Godoro lilikuwa limelowa chepechepe, na kidole cha Lucy kilikuwa kimenyooka kumwelekea Jenoveva.

"Ni mgeni," Lucy alisema. "Mimi nilisikia tu joto."

Bi Mwanaisha alisimama mlangoni, ndoo ya kukamulia mkononi, kanga ameikaza kifuani kwa ajili ya baridi ya Malindi hii ya milima ya Usambara. Alimtazama Lucy, akamtazama Jenoveva. Kisha akasema anakwenda kumalizia ng'ombe, na akirudi anataka kumjua mwenye godoro.

Jenoveva alibaki ameshika blanketi. Balaa yenyewe ilikuwa imechagua Alhamisi.

Alhamisi ndiyo siku ambayo Loyce wa shirika hupanda kwa pikipiki. Shirika lilianza mwaka juzi, wakati watu binafsi wanafungua maduka kila kona ya Soni, nalo likapanga chumba juu ya duka la muuza mitumba. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia walezi watoto wasio na kwao, na kutowaacha walezi hao peke yao. Loyce aliwazungukia nyumba kwa nyumba, akawaletea sabuni, akakaa jikoni kusikiliza malalamiko yao mpaka yaishe.

Jenoveva alipewa siku tatu kwa Bi Mwanaisha. Siku ya tatu, yaani leo, Bi Mwanaisha angetoa neno: anafaa, au arudi alikotoka. Neno la mlezi halikuwa na rufaa. Wawili waliomtangulia katika nyumba hii walirudishwa wote. Salvatory alisusa majani ya maboga siku ya kwanza tu. Marietha alimjibu Bi Mwanaisha mbele ya majirani, na pikipiki ikamfuata jioni ileile.

Akirudishwa, Jenoveva anarudi Zirai kwa mjomba, na mjomba alishasema kwake hakuna nafasi ya mtu wa kula bure.

Kwa hiyo alijitahidi. Alifika Jumanne na mfuko wa rambo ambao Loyce aliupanga mwenyewe: magauni mawili, kandambili, basi. Alipoingia uani, Lucy, mtoto wa miaka tisa anayelelewa hapo, alifungua mdomo kusema kitu. Bi Mwanaisha akamkata jicho, mdomo ukafungika.

Lakini Lucy hakufunga mdomo muda mrefu. Alimwambia Jenoveva kwamba katika nyumba ile mgeni haendi chooni kabla hajamwamkia beberu. Siku mbili nzima Jenoveva alimpa beberu shikamoo yake kwa heshima zote, huku majirani wakicheka nyuma ya ua na kusema mambo yao kwa Kishambaa. Yeye alikulia kambi ya wachuma chai, hakuambulia hata neno. Alijua tu kwamba wanamsema yeye.

Alikula kila alichopewa. Aliambiwa asitafune kwa sauti, akafunga mdomo. Aliambiwa saa mbili ni kulala, akalala macho wazi.

Na jana, wakiokota kuni, Lucy alimwambia kitu bila kuulizwa. Nyumba ya kwanza alikaa mwezi. Ya pili, wiki. Hakusema kwa nini.

Sasa Jenoveva aliona kwa nini. Gauni lake mwenyewe lilikuwa limelowa ubavuni tu. La Lucy lilikuwa linachuruzika nyuma, kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo. Kidole kilikuwa bado kimenyooka.

"Loyce anakuja leo," Lucy alinong'ona. "Wewe mgeni bado. Ukirudishwa, hujazoea."

Bi Mwanaisha akarudi, ndoo imejaa povu.

"Ni mimi, mama," Jenoveva alisema. "Nisamehe."

"Wewe."

"Ndiyo, mama."

"Umekojoa."

"Nimekojoa."

Shavu la Bi Mwanaisha lilicheza kidogo. Aliagiza godoro likaanikwe kwenye ua wa mbele, kando ya njia, ambako watu wote wa gulio hupita.

Jenoveva alijitwika. Mzee Selemani, jirani, alikuwa anapita na tenga la kabichi. Aliitikia shikamoo, akauliza godoro la nani hilo. Jenoveva akasema ni lake. Mzee akatua tenga chini kwanza, apate nafasi ya kucheka vizuri.

Wakati wa kulitundika, godoro likawa jepesi ghafla. Lucy alikuwa ameshika pembe ya pili.

Saa nne pikipiki ikaingia. Bi Mwanaisha alimvuta Loyce jikoni, akarudishia mlango. Kikatoka Kishambaa, kikatoka kicheko, kikatoka Kishambaa tena. Jenoveva alikaa kibarazani na mfuko wake wa rambo ameshaufunga. Lucy akaja kukaa karibu yake. Alimenya peasi, akaligawa, akampa nusu iliyo kubwa.

Loyce alitoka anajifuta machozi kwa kiganja. Mkononi alikuwa na fomu ya shirika.

"Soma mwenyewe," alisema. "Mimi siwezi."

Juu ya fomu palipigwa chapa: *Siku tatu za afisa ustawi mpya kulelewa na mlezi, kabla hajakabidhiwa watoto.* Chini yake, kwa mwandiko mnene wa Bi Mwanaisha: *Anafaa. Apewe watoto hata leo. Ila ni kikojozi.*