Niachie Kipande

Nesi alipoinua sindano, Kibibi alilifunika kovu la ubavuni kwa kiganja. Hapo ndipo ilipotolewa figo aliyompa kaka yake, Makame. Kovu lilikuwa limevimba, na likiguswa hata na kanga lilimwasha.

"Toa mkono, bibie. Umekatwa kisu, leo unaogopa sindano?"

"Litakuwaje?"

"Dawa hii italishusha. Litalala kabisa."

Kibibi hakuutoa mkono. Siku Makame alipofariki, daktari alitoka chumbani akawaambia, "Amelala."

"Usilichome lote, dada," alisema. "Niachie kipande. Sina kingine cha kumkumbuka."

Nesi aliishusha sindano. "Haya, nionyeshe kipi nikuachie."

Vidole vya Kibibi vilianza kutembea juu ya kovu, vikafika mwisho, vikarudi, visijue pa kusimama.