Maua ya Lango la Kaari

Mgeni alisimama langoni akiwa na kishada kidogo cha maua, ya waridi na ya manjano pamoja. Akakilinganisha na kichaka chetu.

"Mimi ni afisa wa misitu, mama. Maua haya yamejaa huko juu msituni. Yalitoka wapi?"

Nyanya Kaari alitabasamu. Aliyaleta kutoka Muthara alipoolewa, tawi moja kutoka kwa mama yake. Hadi leo, watu wa hapa kijijini Kaaga wakielekeza mgeni husema, "Pale kwenye maua."

"Yamefika msituni? Basi yamenishinda kutembea."

"Ndege hula matunda yake, wakaangusha mbegu. Sasa yanasonga ile miche ya miti ya akina mama. Mingi imekauka."

Tabasamu la Nyanya likafifia. Miche ile ilipandwa na kikundi chake. Yeye, mwenyekiti, ndiye aliyesimama kanisani akaahidi kwamba chochote kitakachoisonga ataking'oa kwa mikono yake.

Mgeni hakujua habari za ahadi hiyo. Mimi nilijua.

"Nyanya, tuanze na ya msituni. Haya tuyaache."

"Na ndege wanazitoa wapi mbegu? Lete jembe."

Alichimba, kisha akashika shina lenye miiba kwa mikono mitupu na kuvuta. Harufu kali ya majani ilitanda. Mizizi ilipoachia, viganja vyake vilikuwa na damu, na kwa mara ya kwanza nyumba yetu ilionekana kutoka barabarani.

"Sasa watu wataelekezwaje hapa?" nikauliza.

Alinyoosha mgongo.

"Waulizie kwa Kaari."

Kisha akashika shina la pili.