Hina Haijatoka

"Mikono yako imependeza," alisema mwanamke wa chuo cha Marekani kwenye skrini ya kompyuta. "Mnasherehekea nini?"

Mwanakheri aliitazama mikono yake. Mama alikuwa amemwonya aifiche chini ya meza wakati wa usaili, lakini alipoanza kusimulia habari za shule, ikapanda mezani bila ruhusa.

Hina ilikuwa bado imekolea, nyeusi kwenye ncha za vidole, maua yakipanda hadi karibu na viwiko. Mama alimpaka siku moja kabla ya majibu ya chuo kingine, kile Mwanakheri alichokitaka kuliko vyote. Mama hakuona haja ya kusubiri. Wageni walishaalikwa, hapa hapa ughaibuni, mtaani kwao Woluwe, na pilau wakaila kimya kama wako matangani.

Angeweza kusema ni harusi ya binamu. Jikoni mama akakohoa, kikohozi kile cha kumkanya mtoto mbele ya watu.

Mwanakheri akainua mikono yote miwili mbele ya kamera.

"Nilipakwa kushangilia chuo kingine," alisema. "Wamenikataa. Hina ndiyo imegoma kutoka."

Jikoni, kikohozi kikakatika.